Kurutubisha na Kutunza Minazi ya Uani: Mwongozo kwa Wenye Nyumba wa Mwambao

Mnazi uliomo ndani ya ua wa nyumba hauishi kama mnazi wa shambani. Shambani makuti yaliyoanguka, makumbi, vifuu na nyasi huozea pale pale chini ya mti na kuurudishia udongo sehemu ya kile ulichokitoa, ilhali uani kila kinachoanguka hufagiliwa asubuhi, kikachomwa au kikapelekwa jaani. Zaidi ya hapo, mafundi waliojenga nyumba huenda walikwangua udongo wa juu, wakamwaga kokoto na mabaki ya saruji, na baadaye sehemu ya mizizi ikafunikwa kwa sakafu ya kuegeshea magari. Mti ukianza kuwa na rangi ya manjano, mwenye nyumba huambiwa kuwa umezeeka, au humwita mkwezi aukate makuti yote yasiyopendeza, na hapo mti hudhoofika zaidi. Kwa maoni yangu, minazi mingi inayosikitisha katika nyua za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja haiumwi; ina njaa, na njaa iliyo kubwa kuliko zote ni ya potasiamu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye minazi michache nyumbani, akitaka iwe na afya, ipendeze machoni na imzalie madafu na nazi. Mengi yaliyomo yanafaa pia kwa mitende, michikichi na miti mingine ya jamii hiyo inayopandwa kama mapambo, na pale inapotofautiana nitasema.

Kabla ya kushika jembe, inafaa kuuelewa mti wenyewe. Mnazi una sehemu moja tu ya kukulia, nayo ni ule moyo laini ulioko kileleni unaoitwa kichilema. Ukiharibika, mti umekufa, kwa sababu hauna matawi mengine ya kuchipua. Shina lake halinenepi mwaka hadi mwaka kama la mwembe, wala halina ganda hai linaloweza kufunika jeraha, hivyo tundu la msumari au pigo la panga hubaki humo maisha yote ya mti. Mizizi yake haikui kuwa minene. Ni mingi, ya unene wa karibu sawa, hutoka kwenye kitako cha shina na kutambaa mita kadhaa pembeni, na sehemu kubwa ya ile inayotafuta chakula imo katika udongo wa juu. Mnazi mrefu wenye afya hufungua takriban kuti moja kila mwezi, na katika kwapa la kila kuti hutoka karara, yaani ganda linalofunika upunga, ambao ni maua ya mnazi. Tangu upunga ufunguke hadi nazi ikomae hupita karibu mwaka mzima, na kabla ya hapo karara lenyewe huwa limeshaumbika ndani ya kilele muda mrefu bila kuonekana. Kwa hiyo mbolea utakayoweka leo itaonekana kwanza kwenye rangi ya makuti mapya, na ongezeko la nazi litakuja baada ya miaka miwili au mitatu. Mtu asiyelijua hili huacha kazi katikati akidhani mbolea haikufaa.

Hatua ya kwanza: yasome makuti kabla ya kwenda dukani

Simama mbali kidogo na mti ili ukione kilele chote, kisha jiulize swali moja: dalili ziko kwenye makuti ya zamani yaliyo chini, au kwenye makuti machanga yaliyo katikati? Swali hili hutenganisha upungufu wa aina mbili. Baadhi ya virutubisho, kama potasiamu, magnesiamu na nitrojeni, mti unaweza kuviondoa kwenye makuti ya zamani na kuvihamishia kwenye machanga, kwa hiyo upungufu wake huanza chini. Vingine, kama manganizi, boroni na chuma, vikishaingia kwenye kuti havihamishiki kwa urahisi, kwa hiyo upungufu wake huonekana juu, kwenye makuti mapya.

Upungufu wa potasiamu ndio utakaouona mara nyingi. Makuti ya chini huwa na madoadoa ya manjano au ya rangi ya chungwa, ambayo ukiliinua kuti juani hupenyeza mwanga. Baadaye ncha za majani hukauka na kujikunja, na ukavu huo huanzia nchani ukirudi kwenye upongoo, ule uti wa katikati ya kuti. Mti ukiachwa hivyo, makuti ya juu nayo huwa mafupi na machache, na shina huanza kuwa jembamba karibu na kilele. Upungufu wa magnesiamu nao huanza chini, lakini sura yake ni tofauti: ukingo wa kuti huwa na mkanda mpana wa manjano safi, huku sehemu iliyo karibu na upongoo ikibaki kijani. Ukosefu wa nitrojeni huufanya mti wote upauke, makuti ya chini yakitangulia, bila madoa.

Ukiona makuti machanga ndiyo yenye shida, fikiria aina ya udongo. Kwenye ardhi ya matumbawe, kama ilivyo sehemu nyingi za mashariki ya Unguja na za mwambao wa Kenya, udongo una chokaa nyingi inayoyafunga madini ya manganizi na chuma hata kama yamo. Manganizi ikikosekana, makuti mapya hutoka yakiwa yamenyauka na kusokotana kana kwamba yameunguzwa. Boroni ikikosekana, majani ya kuti jipya hushikamana, hujikunja nchani mfano wa ndoana, au kuti zima hutoka fupi na lililokunjamana. Manjano inayoenea kwenye makuti machanga peke yake mara nyingi ni ukosefu wa chuma, na chanzo chake huwa ni mizizi kukosa hewa: mti ulipandwa kwa kina mno, umefukiwa udongo baada ya ujenzi, au maji yanatuama. Hapo kazi ya kwanza ni kuufukua na kuyatoa maji. Mbolea haitasaidia kitu mizizi ikiwa inakosa pumzi.

Hatua ya pili: andaa kisahani

Pima mita 1.8 hadi 2 kutoka kwenye shina, zungusha kamba, na usafishe duara lote hilo, ambalo ndilo kisahani cha mti, kwa jembe la juu juu. Usichimbe zaidi ya sentimita 10 hivi, maana mizizi inayokula iko hapo. Ondoa nyasi zote ndani ya duara, kwa sababu nyasi za bustani hunyang'anya maji na mbolea, na pia kwa sababu mbolea za nyasi huwa na nitrojeni nyingi isiyo na potasiamu ya kutosha. Mnazi unaokula mbolea ya nyasi hukimbilia kutoa majani mapya, na kwa kuwa hauna potasiamu ya kuyajenga, huinyonya kutoka kwenye makuti ya zamani. Mwenye nyumba huona mti unazidi kuwa manjano ingawa anaulisha. Kama mti umezungukwa na sakafu, vunja sehemu ya sakafu hiyo au ondoa matofali ya chini ili upate angalau upande mmoja ulio wazi.

Hatua ya tatu: pima na weka mbolea

Taasisi ya utafiti wa minazi ya India iliyoko Kasaragod, katika jimbo la Kerala, inapendekeza kwa mnazi mzima gramu 500 za nitrojeni, gramu 320 za fosforasi na gramu 1,200 za potasiamu kwa mwaka, fosforasi na potasiamu zikihesabiwa kwa namna ile ile inayoandikwa kwenye mifuko ya mbolea. Angalia uwiano huo: potasiamu ni zaidi ya mara mbili ya nitrojeni. Mbolea ya kawaida ya NPK (nitrojeni, fosforasi na potasiamu, kwa mpangilio huo) ya 17-17-17 inayopatikana katika maduka mengi ya pembejeo ina vyote vitatu kwa kiasi sawa, kwa hiyo peke yake haitoshi. Hesabu inayokaribia kiwango hicho ni hii: kilo 2 za NPK 17-17-17, pamoja na kilo moja na nusu ya kloridi ya potasiamu, ambayo wauzaji huiita MOP, na gramu 350 za urea, zote kwa mnazi mmoja kwa mwaka. Ongeza nusu kilo ya salfeti ya magnesiamu, inayouzwa pia kwa jina la chumvi ya Epsom, kwa sababu potasiamu ikiwekwa kwa wingi bila magnesiamu, mti hushindwa kuipata magnesiamu iliyomo udongoni, na utakuwa umeondoa ugonjwa mmoja na kuleta mwingine.

Kiwango hicho ni cha mnazi wa miaka minne na kuendelea. Mche uliopandwa hupewa sehemu moja ya kumi ya kiwango hicho baada ya miezi mitatu, theluthi moja katika mwaka wa pili, na theluthi mbili katika mwaka wa tatu. Usiuzidishie mche kwa huruma. Mbolea nyingi ya chumvi huunguza mizizi yake, na mche ulioungua huchelewa kuliko ule uliokosa mbolea kabisa.

Gawa kiwango cha mwaka mara mbili. Kwa mwambao wa Tanzania na Kenya, sehemu ya kwanza iwekwe mwishoni mwa Mei, mvua kubwa za masika zinapopungua na udongo ukiwa bado na unyevu, na sehemu ya pili mwanzoni mwa Novemba, mvua za vuli zikishalowesha ardhi. Usiweke katikati ya Aprili, kwani mvua za wakati huo huisomba mbolea na kuishusha chini ya mizizi, hasa kwenye mchanga. Kwa nyumba zilizo karibu sana na ufuo, ambako udongo ni mchanga mtupu, ni bora kugawa mara tatu au nne na kumwagilia.

Namna ya kuweka ina uzito sawa na kipimo. Nyunyiza mbolea kwenye duara lote kuanzia nusu mita kutoka kwenye shina hadi ukingoni, ichanganye kidogo na udongo wa juu, kisha mwagilia. Nimekuta mara nyingi mbolea imerundikwa shinani au imetiwa katika mashimo mawili matatu. Mizizi michache iliyo karibu na rundo huungua, na iliyobaki haipati kitu.

Kwa miti ya mapambo, hasa ile mirefu yenye shina jeupe inayopangwa kando ya njia za kuingilia, kuna pendekezo la Chuo Kikuu cha Florida ambalo linafaa sana kwa udongo wa mchanga: mbolea ya 8-2-12 yenye magnesiamu asilimia 4, ya aina inayoyeyuka polepole, kiasi cha gramu 700 hivi kwa kila mita 10 za mraba, kila baada ya miezi mitatu. Mbolea ya namna hiyo si rahisi kuipata kwetu, lakini uwiano wake ni somo: fosforasi kidogo, potasiamu nyingi, magnesiamu isisahaulike.

Upungufu wa boroni hutibiwa kwa boraksi, lakini kwa tahadhari kubwa. Gramu 50 zilizoyeyushwa katika maji na kumwagwa kwenye kisahani cha mnazi mzima zinatosha kwa mara moja, kisha subiri miezi kadhaa uone kuti jipya litatokaje. Boroni ikizidi kidogo tu hugeuka sumu.

Hatua ya nne: rudisha uani kile kilichotoka uani

Makumbi yana potasiamu nyingi na hushika maji kwa muda mrefu, nasi huyatupa. Yapange juu ya kisahani, upande wa mgongo ukiangalia juu, kama tandazo la kuzuia jua; au chimba mtaro mita 3 kutoka kwenye shina, uyapange kwa tabaka upande wa tumbo ukiangalia juu ili yakinge maji, na kila tabaka ulifunike kwa udongo. Makumbi yaliyofukiwa hivyo huendelea kuhifadhi unyevu kwa miaka. Majivu ya makumbi na vifuu yanayobaki jikoni au kwa mchoma samaki nayo ni chanzo kizuri cha potasiamu, ila yasitumike kwenye udongo wa matumbawe ambao tayari una chokaa nyingi.

Samadi iliyooza vizuri au mboji, kilo 25 hadi 50 kwa mti kwa mwaka, huupa mchanga uwezo wa kushika mbolea zile za dukani. Nasisitiza neno iliyooza. Rundo la samadi mbichi likikaa miezi kando ya ua huwa zalio la chonga, mdudu nitakayemzungumzia hivi punde.

Kuhusu chumvi ya kawaida, wapo wanaoimwaga shinani kwa kufuata mazoea ya wazee, na mazoea hayo yana msingi. Mnazi unahitaji klorini kuliko mimea mingi, na Ufilipino wakulima wanashauriwa kuipa minazi yao chumvi kama mbolea. Hata hivyo, nyumba iliyo karibu na bahari hupata klorini ya kutosha kutokana na upepo, na MOP yenyewe ina klorini. Chumvi inafaa zaidi kwa minazi iliyo bara.

Hatua ya tano: maji

Mnazi hupenda mvua iliyosambaa mwaka mzima, jambo ambalo mwambao wetu haulitoi. Kuanzia Januari hadi masika yaanze, na tena katika miezi ya kipupwe, mti mzima hufaidika sana ukipewa lita 200 za maji kila baada ya siku nne, ukizimwaga polepole ndani ya kisahani. Maji ya kisima yenye chumvichumvi hayaudhuru mnazi, wala mtende, lakini miti mingi ya mapambo ya jamii hii haiyavumilii. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi yasielekezwe hapo kila siku.

Hatua ya sita: zuia panga

Hapa ndipo minazi ya uani inapoumizwa zaidi. Kuti lililokauka kabisa likatwe, kwa kuwa linaweza kumwangukia mtu. Kuti la manjano, hata kama linachukiza macho, liachwe, kwa sababu mti bado unalinyonya potasiamu ili uyalishe makuti machanga. Ukilikata, mti utaanza kulinyonya kuti linalofuata, na manjano itapanda ngazi moja juu. Mkwezi anayekata hadi yabaki makuti machache yaliyosimama wima ameuondolea mti jiko lake na pia ameyaacha makole ya nazi bila kitu cha kuegemea, kwani makole ya minazi mirefu hulala juu ya makuti ya chini. Mweleze kabla hajapanda: makavu tu, pamoja na nazi zilizokomaa na makarara makavu. Kazi hiyo ifanywe kila baada ya miezi mitatu hivi, na mahali panapopita watoto au pa kuegesha gari isichelewe hata kidogo.

Usikubali shina likatwe vidato vya kupandia, wala lipigiliwe misumari ya taa, kamba ya nguo au bango. Mkwezi mwenye kamba nzuri hahitaji vidato. Mashine ya kukatia nyasi isisogezwe shinani, kwani majeraha ya kitako cha mti ni mlango wa ukungu unaoozesha shina kwa ndani, nao hujulikana kwa uyoga mgumu unaochomoza karibu na ardhi. Mti uliofika hapo hauponi, na unaweza kuanguka bila onyo.

Hatua ya saba: ulinde mti dhidi ya chonga na kunguni, uwahifadhi chungu wa maji moto

Chonga ni mbawakawa mweusi mwenye pembe, na hutoboa kileleni usiku ili afyonze utomvu. Kuti alilolitafuna likiwa bado halijafunguka hutoka likiwa na pengo la pembetatu, kana kwamba limekatwa kwa mkasi pande zote mbili. Mti mkubwa huvumilia mara kadhaa. Mche hufa, maana tundu moja linaweza kuufikia moyo. Kagua makwapa ya makuti ya juu kila mwezi, na ukiona tundu lenye nyuzi zilizotafunwa, ingiza waya wenye ndoana umtoe, kisha jaza tundu kwa mchanga uliochanganywa na mashudu ya mwarobaini. Dawa ya kudumu ni kuondoa mazalio yake: magogo ya minazi yanayooza, visiki na marundo ya samadi.

Mdudu mwingine ni kunguni wa mnazi, anayefyonza vidaka na vitale hadi vikatoa utomvu kama gundi, vikawa na makovu na kupukutika. Adui yake mkubwa ni chungu wa maji moto, jambo lililochunguzwa kwa kina Zanzibar katika miaka ya 1950. Najua wanauma, na najua wenye nyumba wengi hununua dawa ya kuwapulizia mara tu waonapo viota vyao vya majani. Ninaomba waachwe. Mnazi wenye maji moto huzaa vizuri bila dawa yoyote, na ukiwa na mchungwa, mlimau au mwembe karibu, funga kamba kati ya mti huo na mnazi ili wapate njia ya kupita. Dawa za wadudu zinazopulizwa ovyo bustanini huwaua wao kwanza.

Pale ambapo mbolea haina kazi

Ipo hali moja ambayo isichanganywe na njaa. Mti ukianza kuangusha nazi za umri wote kwa pamoja, kuanzia vidaka hadi koroma, upunga mpya ukitoka mweusi, kisha manjano ikapanda kwa kasi kutoka makuti ya chini hadi ya juu na kuti changa la katikati likaoza, huo ni ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao umeua minazi mingi katika mwambao wa Tanzania. Tofauti yake na upungufu wa potasiamu ni mwendo: njaa huchukua miaka, ugonjwa huu humaliza mti ndani ya miezi. Hakuna mbolea wala dawa ya dukani itakayouponya. Toa taarifa kwa bwana shamba au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mikocheni, na kwa Kenya kituo cha utafiti cha KALRO Mtwapa, wauthibitishe na wakushauri ni miche ya aina gani inayofaa kupandwa eneo lako.

Mti uliothibitishwa kuwa mgonjwa ukatwe mapema na kilele kichomwe moto. Gogo lake lisiachwe uani: lipasuliwe mbao likiwa bado gumu, au likatwe vipande na kuchomwa, na kisiki king'olewe, kwa sababu likibaki chini msimu mmoja tu wa mvua litajaa viwavi vya chonga, na ile minazi iliyosalimika kwa jirani ndiyo itakayowalisha.